Marahaba ya Mama Mheshimiwa

Yudith hakuwa mtu wa kukaa. Hata chai aliinywa amesimama, kikombe mkono mmoja, mkono wa pili ukivuta pazia aone nani anapita barabarani. Katika nyumba yao ya Lushoto mjini, ile ya bati jekundu, palikuwa na makochi mapya yaliyopandishwa mlimani yangali kwenye nailoni, na hakuna hata moja alilolikalia kwa nusu saa. Atakaa hapa, atainuka, atasogeza chombo cha maua, atakaa pale, atainuka tena. Halafu atatoka barazani amwite dereva.

"Shabani, washa gari."

"Tunaelekea wapi, mama?"

"We washa. Tutajua mbele."

Shabani, mtu mzima mwenye mvi, aliyekwisha kuzoea kuendesha bila kuambiwa kitu, aliwasha. Mara nyingine waliteremka zile kona zote mpaka Mombo, Yudith akanunua machungwa asiyoyataka, wakageuza, wakapanda tena. Njiani watu walipunga mikono naye akapunga wake. Raha yake ilikuwa hiyo, kuwa safarini na watu wamwone yuko safarini.

Huo ulikuwa mwaka wa tisini na tano, mwaka wa uchaguzi. Mumewe, Silvano, alikuwa amekaa bungeni miaka kumi, mitano kati ya hiyo akiwa naibu waziri. Sasa ilimpasa kwanza ashinde kura za maoni ndani ya chama chake, na safari hii alikuwa na mshindani wa kweli, mwalimu mstaafu aitwaye Anord. Silvano akianguka, kila kitu cha Dar es Salaam kingeanguka naye: nyumba ya serikali, gari, kadi za mialiko zilizoletwa mlangoni na tarishi. Yudith angerudi mlimani kuishi. Hapo ndipo usingizi ulipompotea. Mlima wenyewe hakuuogopa. Aliwaogopa watu wake, kwa ajili ya neno moja alilolisema mwezi wa sita.

*

Alizaliwa Kwembago, kijiji cha kahawa na mipea kilichojificha nyuma ya kilima, mwendo wa saa mbili kwa miguu kutoka Soni. Alitanguliza miguu badala ya kichwa. Mama yake, Klara, mwanakwaya wa Kilutheri aliyeolewa kutoka Bungu, alikuwa amekata tamaa, na baba yake Alfred alikuwa nje akikata kuni zisizohitajika ili tu mikono isikae bure. Aliyemtoa ni Mwanamisi, mkunga Mwislamu wa ng'ambo ya mto. Alifanya kazi tangu asubuhi mpaka jua lilipoanza kushuka. Kisha akamkanda mama siku arobaini, na malipo aliyoyakubali yalikuwa kuku mmoja tu.

"Huyu kaja na miguu mbele," Mwanamisi aliwaambia. "Msimtegemee nyumbani."

Ikawa hivyo. Alipomaliza darasa la saba akapelekwa misheni kujifunza kupika na kushona, akachoka. Akaenda Tanga kujifunza taipu. Akapata kazi ofisi ya wilaya, na huko ndiko alikokutana na Silvano, kijana mwembamba wa suti ya Kaunda, katibu wa vijana, mwenye sauti iliyosikika mpaka chumba cha tatu.

Zamani hizo watu wote walikuwa Ndugu. Ndugu Katibu, Ndugu Mwenyekiti, Ndugu Mkuu wa Wilaya. Sukari ilikuwa ya foleni kwenye duka la kaya, na keki ya harusi yao ilipikwa kwa sukari ya kibali. Gauni la harusi Yudith alilishona mwenyewe, mikono akaijaza hewa mabegani kwa namna aliyoibuni, na kabla mwezi haujaisha mafundi cherehani wa Lushoto walikuwa wakiulizwa na wasichana: nishonee mikono ya Yudith.

Halafu zikaja siku za ruksa, kila mtu na biashara yake. Maduka yakajaa sabuni za kunukia. Mitumba ikapanda mlimani kwa malori, video zikawashwa kwenye mabanda, na wasichana wakatia nywele kalikiti mpaka kola zikalowa mafuta. Katikati ya hayo neno Ndugu likapotea. Hakuna aliyelifuta. Siku moja tu watu walisikia wanasema Mheshimiwa, na wakaendelea kusema. Silvano akawa Mheshimiwa, na Yudith, aliyekuwa Mama Brian kwa jina la mwanawe wa kwanza, akawa Mama Mheshimiwa.

Dar es Salaam ilimpokea kama iliyomngoja. Hakukuwa na kicheni pati ya maana ambayo hakualikwa, wala kikao cha harusi ambacho hakupewa uenyekiti. Akiingia ukumbini, mpiga muziki alibadilisha wimbo. Akivaa kitenge cha zambarau Jumamosi, Jumatano kilikuwa kimekwisha Kariakoo. Alijua kuwachekesha wake za mabalozi, na alijua pia kumkalisha bibi harusi anayetetemeka akamnong'oneza jambo la kumtoa hofu. Gazeti lilimpiga picha mara tatu. Alikata zote akaziweka kwenye Biblia, kisha akaona haya akazihamishia kwenye kabati.

Na watu walianza kumwamkia. Wa kwanza alikuwa tarishi wa wizara, mzee wa umri wa baba yake. Alileta bahasha, akainamisha kichwa, akasema, "Shikamoo, mama." Yudith aliruka kama aliyeguswa na moto. "Aa, baba, jamani! Shikamoo!" Mzee akacheka kwa haya, wote wawili wakasimama hawajui pa kutazama. Mara ya pili Yudith alinyamaza. Mara ya tatu aliitikia. Baada ya hapo hakuna aliyekumbuka ilikuwa mara ya ngapi.

*

Mwezi wa sita Silvano alikuja kuzindua bomba la maji Kwembago. Wanawake wa kijiji walipangwa mstari kuanzia kwenye bomba mpaka mti wa mpea, na Yudith akapita akiwapa mkono. Alivaa gauni la lesi, kofia pana na miwani ya jua. Karibu mama. Ahsante. Karibu mama, hongera kwa kuja. Ahsante sana. Wanakwaya waliimba, mabibi wakapiga vigelegele, na Mheshimiwa alikuwa mbele akifungua na kufunga bomba ili mpiga picha apate maji yakitoka.

Mwisho wa mstari alisimama Mwanamisi. Alikuwa amekonda, khanga imepauka, fimbo mkononi. Alimtazama Yudith kuanzia kofia mpaka kiatu, akahamishia fimbo kushoto, akatoa mkono.

"Shikamoo, mama," alisema.

"Marahaba," alijibu Yudith.

Mtu mmoja alicheka kwa pua. Mwingine akasema "Eh!" kisha akajiziba mdomo. Mkono wa Mwanamisi ulibaki hewani kidogo, halafu akaupangusa kwenye khanga.

"Haya," alisema, akaondoka.

Kila mtu pale alijua jibu lililopasa. Hata mtoto wa chekechea analijua. Mkubwa akikutania kwa shikamoo, unapiga goti, unasema bibi, unanifanyia nini mbele za watu, shikamoo wewe, na wote mnacheka. Ni jambo la nusu dakika. Yudith alikuwa amelisikia neno likimtoka mdomoni, na miguu yake ikaendelea kutembea.

Garini, kwenye kona ya tatu, Shabani alipunguza mwendo.

"Mama, yule si bibi Mwanamisi? Yule mkunga?"

"Nani?"

"Yule wa mwisho."

"Ah! Ndiye? Sikumtambua." Yudith alivua miwani akaitazama kama yenye kosa. "Miwani hii, Shabani. Na lile jua."

"Jua lilikuwa kali," alikubali Shabani, macho barabarani.

*

Jumapili neno lilifika Soni. Jumatatu lilikuwa limeshuka Mombo kwa magari ya mboga. Sokoni mwanamke akibishiwa bei na mnunuzi asiye na adabu alimjibu, "Marahaba!" na wenzake wakashika mbavu. Vijana walioegemea ukuta wa mashine ya kusaga walisalimiana, "Mgosi, hujaniamkia leo." "Shikamoo, mwanangu." "Marahaba, bibi!" Mwalimu Anord hakulitaja hata mara moja. Alikuwa mjanja kuliko hivyo. Katika kila mkutano, kabla hajafungua mdomo kuhutubia, alizunguka akiwainamia vikongwe mmoja mmoja, shikamoo bibi Fulani, shikamoo mama Fulani, kwa majina yao, polepole, mpaka mkutano mzima ukaanza kukohoa kwa kicheko.

Silvano alipoelezwa alipandisha mlima siku hiyo hiyo.

"Mama Brian, umenifanya nini?"

"Sikumtambua. Nilikuwa na miwani."

"Basi tengeneza. Wewe si ndiye mwenye kujua watu? Waalike. Wapikie. Wanawake wako ni kazi yako."

Kwa kazi hiyo Yudith hakuwa na wasiwasi. Kwa siku nne alikimbia huku na huko kama mwenye harusi yake. Mbuzi watatu, mchele wa Korogwe, turubai, spika mbili kubwa. Alialika wanawake sitini wa Kwembago na vijiji vya jirani, akapeleka lori likawachukue, na kila mmoja akamwekea khanga mpya na kilo ya sukari. Asubuhi ya siku yenyewe alibadili nguo mara tatu. Aliacha lesi, akavaa kitenge na kitambaa kichwani. Hakuvaa miwani.

Lori lilisimama. Wanawake waliteremka, wakajipanga getini bila kuambiwa. Wa kwanza alikuwa bibi asiye na meno, aliyekuwa akifundisha Sunday school Yudith alipokuwa wa miaka sita. Alipiga goti, goti lile la wazee linalopiga kelele.

"Shikamoo, Mama Mheshimiwa."

Yudith alimdaka mikono. "Bibi, hapana! Shikamoo mimi!"

"Shikamoo, mama," alirudia yule bibi kwa sauti ile ile ya upole, akapita.

Wa pili naye akapiga goti. "Shikamoo, mama." Wa tatu. Wa nne. Vikongwe, wajane, mama wakwe, wote kwa adabu kamili, hakuna hata mmoja aliyecheka. Akiitikia, alikuwa amerudia kosa. Akiwaamkia yeye, walimwamkia tena. Akinyamaza, alikuwa amewanyima hata jibu. Kwenye mtu wa ishirini alianza kutikisa kichwa tu. Kwenye wa arobaini machozi yalimtiririka naye hakuyapangusa, kwa kuwa mikono yote miwili ilikuwa imeshikwa.

Walikula pilau vizuri. Walipokea khanga kwa mikono miwili. "Ahsante, mama. Shikamoo, mama." Spika zilipiga muziki na hakuna aliyesimama kucheza. Saa tisa walipanda lori lao, na lilipofika kona ya kwanza Yudith alisikia kicheko kikilipuka kutoka nyuma ya lori, kicheko cha wanawake wote wale kilichokuwa kimebanwa tangu asubuhi.

Dada yake Secilia, aliyebaki kuishi kwenye nyumba ya wazazi wao Kwembago, alikuwa mmoja wao, lakini alibaki kusaidia kuosha masufuria.

"Dada, hata wewe ulipiga goti?"

"Nilikuwa kwenye mstari, ningefanyaje? Niruke?" Secilia alisugua ukoko bila kuinua macho. "Na mwenyewe hakuja. Umeona?"

"Nimeona."

"Basi mtafute. Mwambie hukumjua. Watu wamechoka kukasirika, Yudith, wanatafuta mlango wa kutokea. Wape huo."

"Kila mtu ananipa maneno hayo hayo."

"Kwa sababu ndiyo yaliyopo."

Yudith alichukua sufuria kavu akaanza kulikausha tena.

*

Silvano alipanga mambo kwa namna yake. Siku tatu kabla ya kura palikuwa na mkutano wa wajumbe kwenye shule ya msingi ya Kwembago. Alimtuma Shabani na gari kumchukua Mwanamisi, wakamkalisha kwenye kiti cha mbele, kiti cha mwalimu mkuu chenye mto. Katika gari lingine, wakiwa njiani, alimfundisha mkewe kama anavyofundishwa mtoto wa ubatizo.

"Jua. Miwani. Kofia. Unapiga goti, unamwamkia, unampa kitenge, unakaa. Sentensi mbili, basi. Nyingine niachie mimi."

"Na akiuliza?"

"Aulize nini? Bibi wa watu, ataona haya kuuliza."

Yudith aliteremsha kioo, akapandisha, akateremsha. Vumbi likaingia. Silvano akanyoosha mkono akakipandisha.

Darasa lilijaa mpaka madirishani. Yudith aliposimama, kelele zilikatika kabisa, akasikia mbuzi wa mtu akitafuna nje ya ukuta. Alienda mbele, akapiga magoti yote mawili kwenye saruji.

"Shikamoo, bibi."

Mwanamisi hakuitikia. Alisubiri.

"Bibi, siku ile," alianza Yudith, "jua lilikuwa kali. Na nilikuwa na miwani myeusi, na..."

"Yudith." Ilikuwa mara ya kwanza kwa miaka mingi mtu kumwita hivyo hadharani. "Kitenge utanipa, nitapokea, kizuri. Lakini mimi nataka jambo moja tu. Ulinijua, hukunijua?"

Nyuma Silvano alikohoa. Kilikuwa kikohozi cha kikao, kile kinachosema tuendelee.

Yudith alitazama uso ule. Kope zilikuwa zimeanguka, na jicho la kulia lilikuwa na ukungu wa mtoto wa jicho. Alitafuta jibu alilofundishwa, akalipata, lilikuwa pale pale ulimini.

"Nilikujua, bibi," alisema.

Watu walivuta pumzi.

"Tangu lini?"

"Tangu mbali. Nilikuwa nimebakiza watu wanne nikufikie. Nilikuona unahamisha fimbo."

"Na ukaitikia."

"Nikaitikia." Sauti yake ilikuwa ndogo lakini darasa lote lilisikia. "Nilitaka unione. Wengine wote wameniona, bibi, nikataka na wewe. Uliponiamkia, nilisikia utamu. Ndiyo hivyo. Halafu ukashusha mkono nikajua nimefanya kitu kibaya, na sikurudi nyuma."

Mwanamisi alitazama magoti yale juu ya saruji. Kisha, jambo ambalo hakuna aliyelitegemea, mabega yake yakalegea, akatoa pumzi ndefu kama mtu aliyeshushwa mzigo kichwani.

"Wiki tano," alisema, "sijajitazama kwenye kioo. Nilisema basi nimezeeka, sura imekwisha, hata niliyemvuta kwa mikono yangu hanifahamu. Wananiambia, hakukujua, bibi, msamehe, hakukujua. Wanadhani wananipoza." Aliinuka kwa fimbo yake. "Kumbe ni jeuri tu. Jeuri naijua, hata mimi ninayo. Shabani, nirudishe, nina mihogo juani."

"Bibi, na kitenge?" aliuliza Shabani.

"Si nimesema nitapokea?"

Akakikunja kwapani, akatoka. Hakusema amesamehe, wala hakusema hajasamehe. Wanawake waliokuwa madirishani walimfuata kwa macho, halafu wakayarudisha kwa Yudith, aliyekuwa bado amepiga magoti mbele ya kiti kitupu, na kwa mara ya kwanza tangu mwezi wa sita hawakuwa na la kucheka.

*

Silvano alishindwa kwa kura kumi na moja. Wapo waliosema mkewe ndiye aliyemwangusha siku ile darasani, na wapo waliosema bila ile siku angeshindwa kwa mia. Mwenyewe hakuwa na shaka.

"Sentensi mbili, Mama Brian. Nilikuomba sentensi mbili."

"Nilizijua. Zilinishinda."

"Zilikushinda! Umeongea ukumbini na wake za marais, leo bibi mmoja wa mihogo!"

Hakumpiga wala hakumfukuza. Alifunga mabegi yake, akashuka Dar es Salaam kuwaona watu, maana palikuwa na mashirika yanayouzwa na wajumbe wa bodi wanaotafutwa, na mtu aliyekaa serikalini hakosi pa kushika. Nyumba ya Lushoto akaipangisha kwa mtu aliyeigeuza gesti. Yudith alisema ataenda Kwembago kwa Secilia wiki moja, apumzike, kisha amfuate.

Wiki ilikwisha. Ikaja nyingine. Silvano alipiga simu posta ya Soni mara mbili, ya kwanza kuuliza hati ya kiwanja iko wapi, ya pili kumwambia kwamba nyumba aliyopata ni ndogo, asubiri. Yudith alisubiri kwa namna yake. Alfajiri alikuwa ameshafagia uwanja, saa mbili yuko kwenye kahawa, saa nne ameshapanda kilima kuangalia barabara. Alipanda na kushuka mpaka Secilia akasema atamfunga kengele. Akaanza kushusha pea na kabichi Mombo na akina mama wengine, si kwa shida ya pesa, kwa shida ya miguu. Kwenye gari la mboga alikaa juu ya magunia, na dereva alipojaribu kumpisha kiti cha mbele alimwambia aache utani.

Watu walimsalimia. Onga mshi, naye akajibu onga mshi, kila mtu akaenda zake. Hakukuwa na zaidi ya hapo. Hakuna aliyemkumbatia, hakuna aliyemtemea mate. Kuna siku alitamani wamtukane, angalau ajue amesimama wapi.

Mwezi wa kumi na moja palikuwa na harusi ya jirani. Kadi ya meza kuu haikuja. Alikuja mwanamke mmoja na kisu.

"Yudith, unajua kumenya ndizi?"

"Najua."

"Basi njoo nyuma ya nyumba. Ni mikungu ishirini na mbili."

Walikuwa wanawake kumi na wawili, kila mmoja juu ya kigoda, beseni katikati, utomvu mikononi. Yudith alipata kigoda karibu na moshi. Alimenya ndizi tano, akajikata kidole gumba, akainuka kutafuta maji. Akarudi, akamenya tatu, akainuka kuangalia kama chungu kimechemka. Kwa mbele, ukumbini, turubai lilikuwa limefungwa vibaya upande mmoja, maua yamewekwa mahali ambapo mpiga picha angeyakata, na mikono ilimuwasha kwenda kuyasogeza.

"Huyu naye!" alisema yule mwanamke aliyemwita. "Secilia, mfunge dada yako miguu."

"Mdogo wangu, si dada," alisema Secilia. "Na kamba ya kumfunga haijatengenezwa."

"Kaa chini, weye! Unatuletea kizunguzungu."

"Nimekaa," alisema Yudith, amesimama.

Walicheka. Kilikuwa kicheko cha kawaida, cha watu wenye kazi, na Yudith alicheka nao, ijapokuwa sekunde chache nyuma yao.

Mara gari likasikika likipanda kutoka upande wa Soni, injini nzito, gia ya kwanza. Visu vilitulia. Wanawake wote walimtazama Yudith, kisha wakajifanya hawakumtazama. Yeye alikwisha kuweka ndizi chini. Alipita kati ya mabeseni, akazunguka choo, akapanda mahali panapoonyesha kona, akasimama na utomvu ukimkaukia vidoleni.

Lilikuwa lori la soda za harusi. Alilitazama mpaka likapinda kuingia uwanjani, kisha akabaki kidogo akiitazama barabara ilivyo tupu. Hakujua kama amefarijika au vipi. Hilo ndilo lililomsumbua zaidi.

Aliporudi, mwanamke mwingine alikuwa amekikalia kigoda chake.

"Samahani, nilidhani umeondoka," alisema yule mama, akataka kuinuka.

"Kaa, kaa," alisema Yudith. Akageuza ndoo iliyokuwa tupu, akaikalia, akachukua kisu. "Mmebakiza mingapi?"

"Mikungu tisa."

"Lete hapa."